Ziara za shule zisiwe safari za usingizi

Kila mwaka, wanafunzi wangu wanaosomea ualimu wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, mimi na wenzangu huwafuata shuleni kuwakagua. Katika kungoja kipindi kianze, huwa ninaomba madaftari ya insha niyapitie. Mada moja haikosekani: ziara ya kwenda Mombasa. Nimeisoma katika shule za msingi na za upili, za mjini na za mashambani, mpaka sasa naweza kuitabiri tangu mwanzo hadi mwisho. Basi la shule huondoka saa mbili au saa tatu za usiku kwa nyimbo na vigelegele. Kisha hufuata sentensi moja ambayo nimeikuta katika madaftari ya watoto wasiojuana, kana kwamba walinakiliana: "Tulilala fofofo, na tulipoamka tulijikuta Mombasa." Baada ya hapo huja Ngome ya Yesu, feri ya Likoni, Bustani ya Haller na wanyama wake, vitelezi vya maji, mawimbi ya bahari, soda na mkate. Halafu giza linaingia, basi linageuka, na mtoto analala tena hadi kwao.

Mwalimu huipitia sentensi hiyo kwa wino mwekundu. Kama tahajia ni sawa na upatanisho wa kisarufi haukuharibika, huiacha ipite. Mimi ninathubutu kusema kwamba ndiyo sentensi yenye kosa kubwa kuliko zote katika insha ile, na kwamba aliyelifanya si mtoto. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni mwendo wa kilomita 480 hivi. Mtoto anayetoka Kisumu huongeza nyingine zipatazo 350 kabla ya hizo. Zaidi ya kilomita 800 za nchi yake mwenyewe, kwenda na kurudi, zimemezwa na kitenzi kimoja: kulala. Kazi ya mwanaisimu ni kuchunguza yanayosemwa, lakini humpasa pia kutega sikio pale panaponyamaziwa.

Ninaielewa hesabu ya mwalimu mkuu. Basi likiondoka usiku, wanafunzi hufika alfajiri, wakazunguka mchana kutwa, wakarudi usiku wa pili. Hakuna kulipia vyumba, hakuna chakula cha jioni wala cha kulalia, na mzazi ambaye tayari anahangaika na karo haongezewi mzigo. Hesabu hii inapendeza kwenye karatasi ya mkutano wa wazazi. Lakini gharama ya malazi haikufutwa. Imetolewa mifukoni mwa wazazi ikatundikwa kwenye kope za dereva.

Hebu tumfuate dereva huyo kwa saa. Aliamka siku ya safari kama kawaida, akaosha basi, akalipeleka karakana, akatia mafuta. Saa mbili za usiku akaketi mbele ya usukani. Saa kumi na mbili za asubuhi yuko Makupa, anaingia kisiwani. Wanafunzi wanaposhuka kwenda kutazama mizinga ya Wareno, yeye anatafuta mahali pa kuegesha. Kisha anawapeleka kwenye feri, kisha Nyali, kisha Bamburi. Jua la Mombasa likiwa utosini, anajinyoosha kwenye kiti cha nyuma huku milango ikiwa wazi apate upepo, na watoto wawili waliosahau fulana zao wanakuja kumwamsha. Magharibi inapoingia anaambiwa, haya twende. Huyu amelala lini?

Hapa pana jambo la lugha ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu. Katika basi la shule kila mtu ana namna yake ya kusema. Wanafunzi humwambia mwalimu "tafadhali mwalimu", mwalimu humwambia mwalimu mkuu "nilikuwa naonelea", na dereva huwaambia wote "ndiyo, mwalimu". Dereva ni mwajiriwa wa shule. Aghalabu hakusoma kama waliomo ndani ya basi lake, na kwa adabu zetu mtu wa aina hiyo hamkatizi msomi. Ninyi mlio walimu jiulizeni: ni lini mara ya mwisho mliposikia dereva wa shule akisema "hapana"? Katika basi zima lenye watoto sitini, mtu pekee anayejua kwamba macho yake yanafumba ndiye mtu pekee asiyepewa maneno ya kulisema jambo hilo. Shule ikitaka kuokoa maisha ianzie hapa. Kabla ya safari, mbele ya wanafunzi wote, mwalimu mkuu atangaze kwamba dereva akisema "tupumzike" basi limesimama, na wala hataulizwa sababu.

Na barabara yenyewe haina mchezo. Sehemu yake kubwa ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, bila ukuta wala tuta katikati. Ndiyo barabara inayopitisha shehena kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Malori ya matrela huandamana kama siafu, na basi linalotaka kuyapita hulazimika kuingia upande wa wanaokuja. Mnamo tarehe 18 Machi 2024, basi la Chuo Kikuu cha Kenyatta lililokuwa likiwapeleka wanafunzi Mombasa kwa safari ya masomo liligongana na trela huko Maungu, karibu na Voi, na wanafunzi 11 wakafariki. Ajali hiyo haikutokea usiku wa manane. Ilitokea jioni, kwa hiyo siitaji kuwa ushahidi wa ubaya wa usiku. Ninaitaja kwa sababu inatuonyesha jinsi barabara ile isivyosamehe hata katika saa ambazo macho bado yanaona. Sasa waza saa nane za usiku, taa za lori zikikumulika usoni, na wewe una usingizi wa siku mbili.

Sheria tunazo. Mwaka 2004 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, alituletea mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na wengi tukadhani miujiza imeshuka. Baadaye mabasi ya shule yakaamriwa kupakwa rangi ya manjano. Wizara nayo imeonya tena na tena dhidi ya kuwasafirisha wanafunzi usiku. Hayo yote ni mema. Lakini rangi ya manjano humsaidia dereva mwingine kuliona basi. Haimwamshi aliye ndani yake.

Tuache hofu kidogo, maana sitaki msomaji adhani ninapinga ziara kwa sababu ya woga. Ninazitetea. Hata kama barabara ingekuwa salama kama kitanda cha mama, bado ningewasihi walimu wasafiri mchana, kwa sababu darasa lililo bora kuliko yote katika ziara ile si ngome wala bustani. Ni barabara.

Chukueni neno moja tu, neno "njia". Wanafunzi wa Nairobi na viunga vyake wanaozungumza Kikuyu huita "njira". Basi likishapita Athi River na kuingia Ukambani, mama anayeuza machungwa kando ya barabara atakuambia "nzia". Endelea mpaka Mariakani uwasikilize Waduruma na Wagiriama: "njira" imerudi! Halafu vuka uingie Mombasa, umwombe mzee wa Mji wa Kale akuelekeze, naye kwa Kimvita chake atakuonyesha "ndia". Mwanafunzi akiyaandika maneno hayo manne katika daftari moja, chini yake akaandika "njia" ya Kiswahili sanifu, amekwisha kupata somo ambalo mimi hulifundisha wanafunzi wa mwaka wa pili kwa wiki mbili ubaoni. Ataona kwamba lugha za Kibantu ni ndugu. Ataona kwamba ile sauti ya "r" imehifadhiwa na Wakikuyu na Wamijikenda, lakini Wakamba na Waswahili wameiangusha. Ataona pia kwamba pale Kiswahili sanifu kinapotamka "nj", Kimvita hutamka "nd", na kwa hiyo hatacheka tena atakapomsikia mtoto wa Mombasa akisema ana "ndaa" au akimwita mwenziwe "ndoo". Mwanafunzi wa Kisumu mwenye Kidholuo chake atasema "yo", na hapo ndipo mwalimu atakapopata mlango wa kueleza kwamba Kidholuo ni lugha ya ukoo mwingine kabisa. Yote haya kwa neno moja, na kila msemaji wake yuko kando ya barabara, bure, mradi tu basi lipite kabla ya watu kulala.

Majina ya miji nayo ni historia iliyosimikwa kwenye vibao. Sultan Hamud ni jina la Hamud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar tangu mwaka 1896 hadi 1902, miaka ileile reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda ziwani. Makindu ni mahali pa mikindu, miti ambayo ukindu wake husukwa mikeka. Hapo pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo mpaka leo humkaribisha msafiri wa dini yoyote ale chakula bila kulipa. Sijui ni ziara gani ya kielimu inayoweza kupita mlango kama huo na kuuita usiku tu. Mtito Andei, ambao u karibu na nusu ya safari, kwa Kikamba ni msitu wa tai wala mizoga. Mackinnon Road inamkumbuka Sir William Mackinnon, tajiri wa meli aliyeongoza ile Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliyopewa hati mwaka 1888, kabla serikali ya Uingereza haijaichukua nchi hii yenyewe. Sultani, Masingasinga, tai na mfanyabiashara wa Uskoti, wote kwenye barabara moja! Na kando kidogo ya barabara hiyo, karibu na Mazeras, iko Rabai, ambako Johann Ludwig Krapf aliweka makao ya misheni mwaka 1846. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kila mwalimu wa Kiswahili humtaja Krapf darasani. Ni wangapi waliowahi kuwaambia wanafunzi, "Tazameni kulia na kushoto, ni hapahapa alipokuwa akiwauliza watu maneno"?

Wanaofundisha jiografia na bayolojia hawatakosa chao. Mibuyu huanza kujitokeza ukielekea Kibwezi. Ndovu wa Tsavo huonekana wekundu kwa sababu ya udongo wanaojimwagia, na mtoto aliyewaona kwa macho yake hahitaji kukaririshwa kwamba udongo ule ni mwekundu. Kisha nyika ya Taru, kavu na ndefu, inayoeleza vizuri kuliko kitabu kwa nini misafara ya zamani iliiogopa. Na huko mbele, mnazi wa kwanza. Ninawashauri walimu wa shule za msingi watoe zawadi ndogo kwa mtoto atakayeuona mnazi wa kwanza. Hakuna atakayesinzia kuanzia Mackinnon Road.

Lakini watoto hawaendi Mombasa kwa sababu ya Mackinnon, nami silaumu. Wanakwenda bustanini. Basi na tuzungumze juu ya bustani, hasa ile ya Haller kule Bamburi, maana nina hakika kwamba wengi wao huingia humo na kutoka bila kukutana nayo.

Mahali pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa hapohapo. Baada ya miaka chini ya ishirini palibaki shimo kubwa jeupe, lisilo na udongo, lenye maji ya chumvi karibu na juu na joto la kuchoma nyayo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kulifanya shimo hilo liote kitu. Alijaribu aina 26 za miti, na ni 3 tu zilizostahimili. Uliofana zaidi ni mvinje, mti ule wenye majani membamba kama sindano ambao hupandwa sana ufuoni. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyousaidia kupata nitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo unaweza kuishi pale ambapo hapana rutuba. Hata hivyo palizuka tatizo jipya. Sindano zake zilianguka zikarundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Ndipo walipoletwa majongoo. Wale majongoo wakubwa wa pwani, ambao watoto huwakanyaga kwa kinyaa, wakawa wanazila zile sindano na kuacha kinyesi, na kinyesi kikawa udongo, na udongo ukabeba miti mingine, na miti ikaleta ndege. Mwaka 1984 bustani ikafunguliwa kwa wageni.

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Sidhani waliwahi kufikiri kwamba jongoo mwenyewe angeukuza mti.

Sasa, ni somo gani katika silabasi yetu ya sayansi linaloweza kushindana na hili? Na ni lini linapofundishwa? Kwa niliyoyaona, mwanafunzi asiyelala usiku kucha anapoingia Bustani ya Haller hutafuta kivuli cha mvinje na hauoni mvinje. Huamshwa kwenda kumtazama mamba akirushiwa nyama, hupiga kelele, akarudi kivulini. Huambiwa kisa cha yule kiboko mchanga, Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa na kuandamana na kobe mkongwe wa Aldabra aliyeitwa Mzee, wakalala pamoja na kula pamoja. Kisa hicho hakika ni kitamu, na kila insha inacho. Lakini jongoo hayumo. Sijapata kumkuta jongoo katika insha hata moja.

Wala sisemi kila dakika iwe somo. Ziko shule ambazo humfuata mtoto na karatasi ya maswali mpaka ndani ya maji. Huo ni ukatili. Vitelezi na mawimbi ni furaha, na furaha haihitaji kuombewa radhi. Mtoto wa Kitui au wa Bomet ambaye hajawahi kuiona bahari apewe alasiri nzima ya kupiga mbizi na kujaa mchanga masikioni, na asiulizwe lolote. Tatizo letu ni kwamba tunaona haya kuiita furaha kwa jina lake. Tunaandika "ziara ya kielimu" kwenye barua ya wazazi, tunakimbia ngomeni kwa dakika arobaini ili barua isiwe ya uongo, kisha tunakimbilia majini. Kwa haraka hiyo elimu inaharibika na furaha nayo inaharibika.

Neno "ziara" lenyewe linastahili heshima kuliko hiyo. Tumelipata kutoka Kiarabu, na mwambao mzima bado linabeba maana ya kwenda kuzuru mahali au mtu kwa adabu. Huko Lamu, wakati wa Maulidi, watu hufanya ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh, na njia wanayoipita ni sehemu ya jambo lenyewe. Hakuna anayepelekwa ziara amelala.

Najua watakaosema: mbona msiende kwa treni? Tangu treni mpya ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa tarehe 31 Mei 2017, shule nyingi zimeitumia, nami ninaziunga mkono kwa moyo wote, hasa zikichagua ile ya asubuhi inayosimama njiani. Dereva wa treni hapitwi na trela. Lakini shule ya Bungoma haina budi kufika Nairobi kwanza, na stesheni ya Mombasa iko Miritini, mbali na bahari, kwa hiyo basi bado litahitajika. Tena tiketi si bure.

Ambalo linanirudisha kwenye pesa, na kwa watoto wanaobaki. Katika kila darasa wamo ambao jina lao halimo kwenye orodha ya safari. Siku ya ziara huwekwa darasa la pamoja, husimamiwa na mwalimu aliyekosa nafasi, na wiki inayofuata huambiwa waandike insha juu ya ziara ambayo hawakwenda. Wengi wao hutunga. Nimezisoma insha zao pia, na ninakiri kwamba baadhi yake ni bora kuliko za waliokwenda, kwa sababu aliyebaki hana budi kuwaza njia na aliyekwenda alilala. Lakini hakuna mzazi anayepaswa kufarijiwa kwa maneno kama hayo. Shule ambayo nusu ya wanafunzi wake hawawezi kulipa nauli ya Mombasa isiende Mombasa. Walio karibu na Ziwa wana Thimlich Ohinga huko Migori, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, ambazo mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia kama ilivyokuwa Ngome ya Yesu mwaka 2011. Ni safari ya siku moja, mchana, na darasa zima linaweza kwenda. Haina kitelezi, ni kweli.

Kwa wanaoweza kwenda mbali, langu ni pendekezo moja. Kati ya Mtito Andei na Mariakani ziko shule za bweni, na mabweni yake huwa matupu wakati wa likizo ya Agosti. Shule ya bara ikiondoka Nairobi saa kumi na mbili za asubuhi, ina nafasi ya kusimama Makindu, kununua machungwa na kuuliza maneno, na kufika Voi jua lingali juu. Walale hapo kwenye vitanda vya wenzao, dereva akiwa wa kwanza kuonyeshwa chake. Siku ya pili wafike Mombasa wakiwa macho, waione ngome bila kukimbizwa. Siku ya tatu iwe ya bustani na bahari. Wapikiwe na wapishi wa shule iliyowakaribisha, wachangie unga na mafuta, na mwaka ufuatao shule ya Voi nayo ilale Nakuru au Kisumu kwa mpango huohuo. Mtoto wa Taita anahitaji kuliona Bonde la Ufa kama vile mtoto wa Nakuru anavyohitaji kuiona bahari. Hatujazoea kuliwazia upande huo, kana kwamba pwani ni mahali pa kutazamwa na bara ni mahali pa kutazama.

Nimewauliza walimu wakuu wawili watatu ninaowafahamu. Mmoja aliniambia wazo ni zuri ila hajui aanzie wapi, hana mtu anayemjua upande ule. Jambo hilo halihitaji wizara wala kamati. Mwalimu mkuu yeyote wa shule ya bweni iliyo kwenye sehemu hiyo ya barabara, ambaye yuko tayari kufungua bweni moja kwa siku tano mwezi wa Agosti, na amwandikie mhariri wa ukurasa huu, naye atanifikishia barua. Aeleze ana vitanda vingapi, kama maji yanapatikana, na kama pana chumba cha peke yake, chenye neti, kitakachomfaa dereva.